Shangazi wa Safari: Nataka kumpeleka binti yangu Matema kwa pikipiki, mama yake hataki kusikia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Kigamboni pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Mkubwa, ambaye ndiye sababu ya barua hii, anaitwa Tumaini, yupo darasa la tatu na atatimiza miaka tisa mwezi wa tano mwaka huu.

Baba yangu mzazi alifariki miaka miwili iliyopita nyumbani kwetu Masoko, wilayani Rungwe. Nilikwenda kumzika peke yangu, kwa sababu mama Tumaini alikuwa mjamzito na daktari alikuwa amemkataza safari ndefu, na mtoto akabaki naye. Tangu wakati huo Tumaini haachi kuuliza babu yake amelazwa wapi, na kama kuna mti karibu na kaburi. Siku moja, katika kumtuliza, nilimwahidi kwamba likizo ya mwezi wa sita tutakwenda sisi wawili kwa pikipiki, tutalala kwenye hema njiani kama watalii, tutaliona kaburi, kisha tutateremka hadi Matema akaoge katika Ziwa Nyasa. Ahadi hiyo ameitangaza darasani kwao na sasa hakuna asiyeijua.

Nina Boxer ya cc 150 niliyoinunua ikiwa mpya, ninakwenda nayo kazini tu na sijawahi kuiingiza kwenye biashara ya bodaboda. Leseni ninayo na bima ninayo. Nimepanga kwamba siku ya kwanza tutoke Kigamboni hadi Mikumi mjini, siku ya pili tupite Ruaha Mbuyuni na Mlima Kitonga tukalale Mafinga, na siku ya tatu tufike Tukuyu. Kila siku ni kama kilomita 300, umbali ambao kwangu si mkubwa, kwa kuwa nimewahi kwenda Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo bila kuchoka sana. Hema nimekwisha kuliazima.

Mama Tumaini amesema nikitaka kwenda kujiua niende peke yangu, nimwachie mwanawe. Amempigia simu mama yake, na mama mkwe amenipigia mimi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ninaona wananichukulia kama kijana asiye na akili, wakati watoto wadogo kuliko Tumaini hupakiwa watatu watatu kwenye bodaboda kila asubuhi kwenda shule na hakuna anayepiga kelele. Naomba unisaidie mambo mawili: nimweleweshe vipi mke wangu, na ninunue vifaa gani kwa ajili ya mtoto?

Baba Tumaini, Kigamboni

*

Marahaba, Baba Tumaini, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaona kwamba unataka nikusaidie kumshinda mkeo katika hoja ambayo, kwa sehemu kubwa, yeye ndiye mwenye haki. Nitautaja msimamo wangu mapema ili usisome kwa wasiwasi: usimpakie Tumaini kutoka Kigamboni hadi Uyole, ile njia panda ya kwenda Tukuyu pale Mbeya, lakini kutoka Uyole kwenda Masoko na Matema mpakie, na kwenye hema mkalale, kwa masharti nitakayoyaeleza. Ahadi uliyompa mtoto inaweza kutimizwa yote isipokuwa ile sehemu ambayo tangu mwanzo ilikuwa yako na si yake. Yeye aliuliza kaburi liko wapi na kama lina mti. Kilomita 300 kwa siku uliziongeza wewe.

Siandiki haya kama mtu anayeogopa pikipiki. Nilikuwa bibi shamba kwa miaka 23, na mingi kati ya hiyo niliimaliza Rungwe na Kyela, nikizunguka kwenye migomba, chai na mpunga kwa pikipiki ya kazi, wakati ambapo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa bado ni jambo la watu kutoka nje na kutazama. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka saba nilipompakia mchana mmoja kutoka Tukuyu kwenda Ipinda. Nilikuwa nimemfunga kwangu kwa kanga, kiuno kwa kiuno, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tulivyofanya na tuliona ni busara. Njiani akasinzia. Uzito wake ukaelemea kulia, gurudumu la mbele likakamata tope, tukaanguka kwa mwendo ambao mtu angeweza kuufuata kwa miguu. Abiria asiyefungwa angetupwa pembeni akainuka na kulia; sisi tulianguka kama mzigo mmoja, na shavu la mguu wake likabaki chini ya bomba la moshi mpaka nilipoweza kuifungua kanga. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na kovu lile bado lina umbo la bomba. Kwa hiyo ninapokuambia jambo kuhusu mtoto na usingizi, nakuomba usilichukue kama woga wa kike.

Usingizi ndio adui wa kwanza wa safari yako, na sikuona neno hilo popote katika mpango wako. Mwendeshaji ana kazi ya kufanya kila dakika: macho yake yapo barabarani, mikono yake ina gia na breki, na akili yake inapima. Mtoto aliye nyuma yake hana kazi yoyote. Anaona mgongo wako, anasikia mngurumo ule ule, anapigwa na jua na upepo, na baada ya chakula cha mchana mwili wake humzimikia hata kama dakika tano zilizopita alikuwa akiimba. Hakuambii kwamba anasinzia, kwa sababu mtoto hajui kwamba anasinzia. Wewe utajua pale mikono yake itakapolegea kiunoni mwako, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, wakati huo umekwisha kuchelewa. Kilomita 300 kwa siku, ukiweka na mapumziko, ni saa saba au nane za kumtaka mtoto wa darasa la tatu asisinzie hata mara moja, kwa siku tatu mfululizo, akiwa amelala usiku kwenye hema asilolizoea.

Tazama sasa barabara yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo, na kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea hadi Morogoro, mwenye pikipiki huishi kwa hisani ya wengine. Basi linalolipita lori huja upande wako likikuwashia taa, na taa zile zina maana moja tu: shuka. Ukiwa peke yako utashuka kwenye changarawe na kurudi, ukalaani kidogo na kusahau. Ukiwa na mtoto, hema na begi nyuma, uzito umehamia juu na nyuma, usukani umekuwa mwepesi, na breki inahitaji nafasi ndefu kuliko mkono wako ulivyozoea. Lori refu likikupita, upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Baada ya hapo kuna takriban kilomita 50 ambazo barabara hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako tembo na nyati huvuka wanapotaka. Mwenye gari hupandisha kioo na kusubiri, lakini wewe huna cha kupandisha. Kisha Kitonga, ambako malori yanayopanda hujikokota kwa gia ndogo na yanayoshuka yananuka breki, na mwenye haraka hulipita lile la mbele kwenye kona. Uliandika kwamba ulikwenda Morogoro na kurudi bila kuchoka "sana". Mimi pia nimewahi kusahihisha karatasi za watu, na neno hilo nimelizungushia wino mwekundu.

Kuhusu watoto wanaopakiwa mshikaki kila asubuhi, ni kweli tunawaona, lakini kulizoea jambo hakulifanyi kuwa salama, na katika hili hakulifanyi hata kuwa halali. Kanuni za pikipiki za kukodi nchini mwetu zinakataza kumpakia mtoto aliye chini ya miaka tisa, na ninashuku kwamba tarehe ya kuzaliwa ya Tumaini iliingia katika barua yako kwa sababu umekwisha kuisikia kanuni hiyo. Wewe hufanyi biashara, na yeye mwezi wa sita atakuwa ameuvuka umri huo kwa wiki chache. Sawa. Lakini umri haukuambii chochote juu ya urefu wa miguu yake. Kipimo ninachokitaka mimi ni hiki: simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mkalishe Tumaini kwenye kiti akiwa amevaa viatu vya safari, na utazame kama nyayo zake zote mbili zinakaa juu ya vikanyagio huku magoti yamekunjwa kidogo. Zikining'inia, au akigusa kwa ncha za vidole, basi hakuna safari mwaka huu, ya mbali wala ya dukani. Na usimpelekee fundi wa kuchomelea avipandishe vikanyagio. Chuma kilichochomelewa kwa haraka hukatika siku kilipobebeshwa uzito kweli.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba nyote mpande basi la mchana kutoka Kituo cha Magufuli kule Mbezi. Siwasifii madereva wa mabasi, maana ninawajua, lakini mtoto aliyefunga mkanda kwenye kiti anaweza kusinzia bila kuanguka. Pikipiki itangulie kwa lori siku mbili kabla, mafuta yakiwa yametolewa kwenye tangi na waya wa betri umechomolewa, stakabadhi iwe na namba ya chasisi, na awepo ndugu wa kuipokea Uyole, kwa sababu pikipiki inayomsubiri mwenyewe stendi husubiri ikipungua vioo na plagi. Unaweza kuniambia kwamba utaiendesha mwenyewe peke yako huku familia ikija kwa basi. Sitakuzuia, ila utafika Uyole ukiwa na siku mbili za uchovu mabegani, na kesho yake ndipo unapombeba mtoto. Mimi nisingefanya hivyo.

Nimesema nyote kwa makusudi. Kwa hesabu yangu ya miezi, yule mdogo alizaliwa baada ya msiba, na kama hamjasafiri tangu wakati huo bibi yake hajamwona kwa macho. Mama Tumaini naye hakumzika baba mkwe wake. Umeandika barua nzima juu ya haja ya mtoto kuliona kaburi, na hukuuliza hata mara moja kama mama yake naye analihitaji. Wakae Masoko kwa bibi, yeye na mdogo, wakati wewe na Tumaini mnafanya safari yenu ya hema. Nami nakuhakikishia kwamba mwanamke anayewaona mkiondoka kwenye ua wa mama mkwe asubuhi, na anayejua kwamba mnalala mwendo wa chini ya kilomita 60 kutoka alipo, si yule yule anayewawazia mkiwa Kitonga.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda. Mwezi wa sita umechagua vizuri, ila chagua nusu yake ya mwisho. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa tano udongo wa njia za vijijini bado ni sabuni. Kutoka Uyole barabara hupanda kupitia Igawilo hadi maeneo ya Isongole, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi ya Juni ukungu huweza kukuficha lori lililo mbele yako. Usiondoke alfajiri kama tulivyozoeshwa kwamba msafiri ni asubuhi. Subiri ukungu uinuke, hata kama ni saa tatu, unywe chai, kisha uondoke. Malori ya kwenda mpaka wa Kasumulu mtayakuta, na utaratibu wake ni rahisi: likikukaribia kwa nyuma, tafuta mahali papana, simama, liache lipite, endelea. Hakuna atakayekupa zawadi kwa kufika Tukuyu kabla yake.

Mwendo wako usizidi kilomita 50 kwa saa hata pale lami inapokushawishi. Simameni kila baada ya nusu saa, iwe amechoka au hajachoka, na ashuke atembee. Kuendesha kuishe saa saba mchana, kabla ya chakula cha mchana na si baada yake, kwa sababu ya yale niliyokueleza juu ya usingizi. Kutoka Uyole hadi Masoko mna nafasi ya kutosha kwa mpango huo, na bado mtaweza kugeuka kidogo kuliona Daraja la Mungu, lile jiwe lililojifanya daraja juu ya Mto Kiwira, ambalo watoto hulipenda kuliko maelezo yoyote ya mwalimu wa jiografia. Kubalianeni ishara za mkono kabla ya kuwasha injini: akikupiga begani mara moja, unasimama mahali penye nafasi, akipiga mfululizo, unasimama hapo hapo. Na usimame kweli kila anapopiga, hata ikiwa ni kwa ajili ya ndama aliyemwona, kwa kuwa siku utakayompuuza ndiyo siku atakayoacha kukuambia.

Umeuliza vifaa. Fedha yako ya kwanza na kubwa iende kwenye helmeti, na helmeti hiyo iwe ya mtoto. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwenye pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini hayo ni kwa helmeti inayobaki kichwani. Ile ya mtu mzima iliyojazwa kitambaa ndani hutangulia kuanguka kabla ya mtoto mwenyewe. Mpeleke dukani na kichwa chake, usinunue kwa kukadiria. Aivae bila kufunga mkanda, atikise kichwa; ikizunguka peke yake, ni kubwa. Afunge mkanda, kisha jaribu kuisukuma itoke kwa nyuma; ikitoka, mwambie muuzaji asante. Chini ya kidevu paingie vidole viwili na si zaidi. Tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, ambayo ni ya viwango vya Ulaya, na uipime uzito mkononi, kwa sababu shingo ya mtoto wa miaka tisa hubeba mzigo huo kutwa nzima. Usinunue ya mtumba hata iwe nzuri namna gani. Helmeti iliyokwisha kuanguka mara moja haionyeshi kwa nje kilichovunjika ndani. Mkishindwa kuipata inayomkaa, rudi kwenye sentensi niliyoisema juu ya vikanyagio.

Mengine ni ya bei ndogo. Suruali nene ya jinzi na chini yake nyingine ya kubana, kwa sababu ya bomba la moshi, viatu vinavyofunika vifundo, kamba zikiwa zimechomekwa ndani, glavu, koti lisilopitisha upepo na lingine la mvua. Asivae sketi, mtandio wala kitu chochote chenye ncha inayopepea, kwa kuwa spoku na cheni hazichagui. Asibebe begi mgongoni, maana kila unapoongeza mwendo litamvuta nyuma. Mizigo ikae pande mbili za gurudumu la nyuma, chini, sawa kwa sawa. Hema na blanketi ndivyo vikae kwenye keria nyuma ya mtoto, vikiwa vyepesi na vimefungwa kwa mpira, visipite urefu wa kiuno chake. Mkanda wa kuvaa mwendeshaji wenye vishikio kwa ajili ya abiria unasaidia sana, na fundi wa mabegi anaweza kukushonea kwa utepe mpana wa nailoni. Kumbuka ni vya kushikia, si vya kumfungia. Mbele kwenye tangi asikae hata kwa mita mia.

Pikipiki ikaguliwe na fundi anayejua kwamba utabeba mtu na mzigo milimani, maana ukaguzi wa mtu anayekwenda kazini ni mwingine. Breki shuu mpya nyuma na mbele, cheni ikazwe mzigo ukiwa juu, shokapu zisivuje, upepo wa tairi la nyuma uongezwe kadiri kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza kwa abiria. Beba tyubu moja ya akiba, pampu, plagi na waya wa klachi. Kwenye miteremko ya kwenda Kyela tumia gia ndogo na uiache injini ikushikilie, usikae juu ya breki mpaka ziwake moto. Hakikisha pia leseni yako ni ya daraja A, kwa kuwa A1 ni ya pikipiki ndogo na cc 150 haimo, na usome kama bima yako inamgusa abiria, jambo ambalo wengi hugundua halimo siku wanapolihitaji.

Hema sasa. Usiku wa kwanza mtalipiga kwenye migomba ya mama yako Masoko, na ninakuonya mapema kwamba mama atachukia. Atakuuliza kama nyumba yake imeota kunguni hata mjukuu alale nje kama mlinzi wa mahindi. Mweleze jioni ile ile, kwa heshima, kwamba ni mchezo wa mtoto, na mle chakula chake chote ndani kwanza. Usiku huo ni wa majaribio: mtajua kama zipu inafunga, kama maji yanaingia, na kama Tumaini anaogopa sauti za usiku, huku mlango wa bibi ukiwa hatua 20 tu. Usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema kwa sababu ya baridi. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, na huua watu waliolala wakiwa wamefurahi kupata joto. Ongeza blanketi, mvalishe soksi mbili, ikishindikana ingieni ndani.

Kaburi mlione asubuhi, nyote wanne pamoja na bibi, kabla ya kuwasha pikipiki. Msiliweke kuwa kituo cha njiani.

Kisha ninyi wawili mteremke kupitia Ipinda. Kwa asubuhi moja mtatoka kwenye baridi ya sweta hadi ziwani, takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo simameni avue nguo kadiri joto linavyopanda, ila koti na suruali vibaki. Matema kuna vituo vya wageni ufukweni. Lipa kiasi chao na upige hema ndani ya uzio, karibu na choo na mlinzi. Usiende kutafuta ufukwe wa peke yenu. Upande wa mdomo wa Mto Lufilyo kuna mamba, na wenyeji watakuonyesha sehemu wanayooga watoto wao, nawe umwogeshe wako hapo hapo ukiwa umesimama naye majini. Kyela ina malaria kuliko Tukuyu, hivyo hema lenye chandarua kisichotoboka si anasa. Mkae usiku mbili au tatu, mtazame Milima ya Livingstone inavyoingia ziwani, mnunue chungu cha Wakisi kwa ajili ya mama yake kama mtapata namna ya kukifunga, na mrudi Masoko asubuhi.

Katika mfuko wa koti lako, si kwenye begi, weka kadi yake ya bima ya afya, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na karatasi yenye namba ya simu ya mama yake na ya bibi. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Akiguswa na bomba la moshi, mwagia maji safi ya kawaida yasiyo ya moto kwa dakika 20, ndipo uende zahanati. Dawa ya meno na mafuta ya kula waachie waliotushauri sisi enzi zile.

Kuhusu mama Tumaini, usimweleweshe. Mwambie kwamba ulikosea juu ya barabara kuu, umwonyeshe mpango huu, kisha mwachie yeye aende dukani kuchagua helmeti pamoja na mtoto, na akiikataa moja baada ya nyingine usionyeshe uso wa kuchoka. Mama mkwe mpigie wewe mwenyewe, kabla hajapigiwa.

Na kabla ya kukata tiketi yoyote, chukua Jumamosi moja mwezi wa tano, baada ya siku yake ya kuzaliwa, umpeleke Tumaini kwa pikipiki kutoka hapo kwenu Kigamboni hadi Kimbiji, na mizigo yote ile ile, hema lile lile na helmeti ile ile, mlale usiku mmoja kwenye uwanja wa mtu unayemfahamu na mrudi Jumapili asubuhi. Mkifika nyumbani usimwulize kama amefurahi, kwa sababu atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Mwulize ni wapi palimuuma, na ni wakati gani alitaka kukupiga begani akaacha. Kisha niandikie alivyojibu.

Shangazi